Matofali ya Mkwe Wangu

Mtu anayekuja kufunga mlango wa bati hana haja na matofali. Hilo nililijua hata kabla sijaona mlango wenyewe ulivyo. Nilirudi kutoka kwenye hitima huko Ampisikina nikayakuta yamepangwa barazani, matofali mapya, na mfuko wa saruji juu yake. Mkwe wangu amesimama kando anajipangusa mikono.

"Ya nini haya?"

"Ya kazi, Mama."

"Kazi ya mlango?"

"Kuna mahali pa kuziba kidogo."

Lile neno kidogo sikulipenda.

Nyumba hii ya mtaa wa Mahabibo niliipata kwa mama yangu, naye kwa mama yake, na siku binti yangu alipoolewa ikawa yake. Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na sanduku lake, na akitoka hutoka nalo. Mkwe wangu aliingia hivyo, ametoka kisiwani Nosy Be, mtu wa kijiji cha Marodoka, fundi wa milango ya gereji. Huko alikuwa akiifunga kwenye mahoteli na kwenye maghala ya samaki. Hodari, sikatai. Lakini mpole mno, na mtu mpole mno mimi humtazama mara mbili. Nyumbani tunasema Kikomoro na Kimalagasi pamoja, na Kifaransa binti yangu na mumewe wakitaka nisielewe. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata kwa bibi yangu, na haya waliyoyasema nayaweka humo kadiri ninavyoweza.

Chumba cha chini kinachotazama barabara kilikuwa duka zamani. Kirefu kwenda juu, chembamba kama kisima. Mkwe wangu alitaka kukifanya karakana, na mlango wake uwe wa kuwaonyesha wateja. Ni vipande vya bati vilivyoungwa kwa bawaba, vinapanda kwenye reli mbili. Milango mingine ya aina hiyo ikivuka kizingiti cha juu tu hugeuka na kulala. Huu wake hupanda na ukuta kwanza mpaka karibu na dari, ndipo ulale, ili gari likiinuliwa kutengenezwa lisigonge bati. Na kwa kuwa hulala huko juu kabisa, mota yake haining'inizwi darini. Hufungwa ukutani, pembeni, kwenye ncha ya mhimili unaozungusha springi.

Pembeni kushoto kuna ngazi ya kwendea vyumba vya juu, na mita ya umeme. Kulia kuna kijilango cha mbao, cha kuinama, kinachotokea ua wa jirani. Jioni ile nilishuka na taa nikakuta kijilango kimepigwa msalaba wa chaki.

Asubuhi nilichukua kigoda changu na ungo wa mchele nikaenda kukaa pale pale, mgongo wangu kwenye chaki.

Mkwe wangu alikuja na mwenzake, wakafunga reli ya kushoto. Wakafunga mhimili. Mwenzake, mtu wa huko huko kwao Nosy Be, mcheshi, alikuwa juu ya ngazi ya mbao akinitazama nikichambua mchele.

"Bwana," akamwambia mkwe wangu, "hii nguzo ya upande huu haimo kwenye vipimo."

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Tuipige bolti, au tuipake rangi kwanza?"

"Paka," nikamwambia. "Ukimaliza ushuke uniambie huu mlango unafunguliwa na nani."

Mkwe wangu akatoa rimoti mfukoni, akanionyesha, macho ameyainamisha kama adabu inavyotaka mbele ya mama mkwe. Ziko mbili, akasema. Moja hii, nyingine inakaa kwenye gari.

"Gari la nani?"

"Langu, Mama."

"Kwa hiyo zote ni zako. Na umeme ukikatika?"

"Pana kamba ya kuachia mota. Unaivuta, mlango unasukumwa kwa mkono."

"Iko wapi?"

Akanyoosha kidole juu, mahali mota itakapofungwa. Kamba ingekaa huko, fupi, hata mwenzake pale ngazini ingembidi ajinyooshe. Nilipatazama, nikamtazama yeye, nikarudi kwenye mchele wangu.

Mchana binti yangu alinipandisha juu kwa maneno. Alikuwa amekasirika na ana haki. Mumewe alikuwa na mteja wa kuja kuuona mlango, mwenye ghala, na kazi ya ghala lile ingetulisha muda mrefu.

"Mama, kijilango kile hata kuku hapiti. Tangu nimezaliwa sijamwona mtu akikifungua."

"Umepita wewe."

"Mimi? Lini?"

"Kwa nini mumeo anataka nyumba yako iwe na njia moja, na njia hiyo iwe mfukoni mwake?"

"Anataka ukuta mzima wa kushika mota, usio na tundu chini yake. Basi. Nyumba ni yangu, umenipa mwenyewe. Nimemwambia azibe."

Hapo nikajua nimeshindwa. Nyumba kweli ni yake. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu, nacho sikuwahi kukitoa mbele ya watoto wangu. Nikamwambia akae.

Nilimwambia kwamba zile siku za ghasia hapa mjini, Wangazija wenzetu walipokuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba, yeye alikuwa mgongoni kwangu, hajaota meno. Baba yake alikuwa safarini. Nilifunga mlango wa barabarani kwa ufunguo na komeo, nikaketi na watoto gizani. Nje kelele. Mlango ule ulikuwa wa mninga, ungehitaji shoka na muda. Haukupigwa shoka. Nilisikia komeo likitolewa taratibu, kisha ufunguo ukizunguka. Chumba cha mbele tulikuwa na mpangaji, kijana mpole, akila kwenye sinia letu. Ufunguo wa pili alikuwa nao yeye.

"Alifungua kwa kuogopa, au kwa jingine?" binti yangu aliuliza.

"Sijui. Sikumngoja aniambie."

Tulitoka kwa kile kijilango kabla hajamaliza kufungua. Jirani, mwanamke wa Kisakalava, mwenyeji wa hapa, alituweka nyuma ya magunia ya mkaa, akaenda mbele kwake kufua nguo mlangoni, akiwaambia waliokuja kwamba wamemkanyagia sabuni. Kisha chombo mpaka Nosy Be, tukakaa Marodoka kwa shangazi ya baba yake miaka mingi kabla ya kurudi.

Binti yangu hakulia. Aliteremka. Nilimsikia akisema, "Usizibe."

"Na mota?"

"Iuze. Au iweke kushoto."

"Kushoto haiingii, kuna ngazi."

"Basi usiweke."

Mumewe alifunga mnyororo badala yake, upande wa ngazi, ule wa kuvuta kwa mikono. Mteja alikuja akavuta mara moja, akasema kwa mnyororo hata yeye angeweza, akaondoka asirudi. Mkwe wangu alipanda mpaka nusu ya ngazi, akasimama.

"Mama, mke wangu amenisimulia. Ungeniambia mimi."

"Wewe ni nani nikwambie?"

"Mume wa mwanao."

"Yule naye alikuwa mpangaji wangu."

Kisha akasema, "Kijilango chenyewe umewahi kukijaribu?"

Sikuwahi. Tangu tuliporudi sikuwahi kukigusa. Nilishuka, nikatoa komeo, nikasukuma. Hakikwenda. Akasukuma yeye kwa bega, hakikwenda. Akatoka kwa barabarani, akazunguka kwa majirani. Yule mwanamke alikwisha kufa, siku hizi wanakaa wajukuu zake, na walikuwa wamejenga banda la mbuzi likaegemea mbao zetu. Nilimsikia akizungumza nao kwa Kimalagasi chake cha Nosy Be, wakicheka, kisha mbuzi wakilia, mabati yakiburutwa. Kijilango kikafunguka kuelekea kwao, na yeye amesimama upande wa pili, ana mavi ya mbuzi mpaka kwenye vifundo.

Alipaka mafuta bawaba. Nikamwagiza anipigie komeo jipya, la chuma, upande wetu.

"Upande wetu tu?"

"Wewe ungeweka wapi?"

"Sijui, Mama. Nafikiria tu. Siku wao wakitaka kukimbilia kwetu."

Nilikasirika, maana lilikuwa jambo la kweli na limetoka kwake. Nilimwambia afanye kama nilivyosema. Komeo liko upande wetu mpaka leo. Mchana naliacha wazi, na wanawake wa kule huingia kuomba moto na chumvi. Usiku bado sijaweza.