Nilimwacha mbwa wa binti yangu ateseke kwa sababu ya mate

Nilikosea, na sitafuti wa kumtupia lawama. Nimeyaandika haya mara kadhaa nikayafuta, maana nikifika kwenye mate ya yule mbwa, kichefuchefu kinanipanda. Siku hizi hakiletwi na mbwa. Kinaletwa na mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Lewisham, London. Shule niliishia njiani; mengine nimejisomea mwenyewe maktaba. Binti yangu alipokodi gari-nyumba, lile lenye vitanda na jiko ndani, tuzunguke Ufaransa na Hispania pamoja na mbwa wake Biskuti, mimi ndiye niliyesoma kila kitu: chanjo, vibali, barabara, hata wadudu.

Nimelelewa nikijua mbwa ni wa nje. Mate yake yakikupata, unaosha kwa maji na udongo. Binti yangu amezaliwa London, analala na Biskuti kitanda kimoja. Kwa hiyo niliweka sharti: tukisimama, Biskuti afungwe nje, mbali nami.

"Baba, unamuogopa?" aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Simuogopi. Namheshimu kwa mbali."

"Na yeye anakupenda kwa karibu. Pole."

Tulipofika Hispania tuliegesha kwenye kambi yenye misonobari. Binti akaenda kuoga. "Mwangalie, baba, asilambe kitu." Nikamfunga Biskuti kwenye mti, nikakaa na kitabu changu.

Nilipoinua macho, viwavi walikuwa wanashuka mtini, wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine, na Biskuti alikuwa anawalamba. Niliwajua. Manyoya yao yana sumu, yanaunguza ulimi. Nilijua pia la kufanya: vaa glavu, msafishe mdomo kwa maji mengi, upesi.

Nilivaa glavu. Nikachukua chupa ya maji. Halafu nikasimama.

Ulimi ulikuwa umeshavimba. Mate yalikuwa mazito, meupe, yananing'inia hadi chini. Tone moja likaangukia kiatu changu nikaruka nyuma. Nikawa namrushia maji kwa mbali, kama mtu anayemwagilia maua, na hayakufika mdomoni. Biskuti akanifuata akilia mpaka kamba ikamzuia. Mimi nikarudi nyuma tena. Mtu mzima, mwenye glavu mikononi!

Binti akarudi nywele zikichuruzika maji. Alizichomoa glavu mikononi mwangu, akapiga magoti, akambana Biskuti na kuanza kumsafisha.

"Ameanza lini?"

"Sasa hivi," nikasema.

Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimesimama pale muda mrefu, yeye akiwa anaoga. Kwa daktari wa mifugo binti aliulizwa swali hilohilo, akajibu kwa kuniamini: "Baba alikuwepo. Ni sasa hivi tu." Daktari aliutazama ulimi uliokuwa umeanza kuwa mweusi, kisha akanitazama mimi.

Biskuti hakufa. Sehemu ya mbele ya ulimi ilioza ikakatika. Sasa akinywa maji anazamisha uso mzima, anapaliwa, anakohoa, anajaribu tena. Nimeshindwa kumtazama akinywa.

Nisisingizie dini. Dini ilinifundisha kuosha, na maji nilikuwa nayo. Haikuniambia nimwache mnyama aungue mbele yangu. Kile kinyaa kilikuwa changu, na uongo ulikuwa wangu.

Mwezi uliopita nilimweleza binti yangu ukweli, jikoni kwake Stratford. Hakupiga kelele. Alisema, safari hii kwa Kiswahili, "Ungeniambia tu huwezi kumgusa, baba. Ningekwenda naye bafuni." Akafunga mlango wa chumba, yeye na mbwa ndani. Tangu siku hiyo hajanikaribisha.

Wewe unayepanga safari na mnyama wa mwanao, jipime kabla hujaondoka. Kama huwezi kuutia mkono wako mdomoni mwake, sema, hata ukichekwa. Na ukiachiwa umwangalie, kataa.