Kisanduku cha Kavata cha Kuonea Radi

Mutanu aliuawa na radi akiwa katika shamba la maharagwe, chini kidogo ya soko la Nunguni, na jua lilikuwa bado linawaka. Mawingu yalikuwa mbali, upande wa Matiliku. Aliyaona, akasema yatachukua saa nzima kufika, akaendelea kung'oa.

Tangu siku hiyo dada yake Kavata, fundi wa redio na simu pale sokoni, hakuweza kuvumilia wingu. Likitokea moja tu, aliacha kazi akasimama mlangoni. Alipiga simu shuleni kwa binti yake, Mbithi, kuuliza kama watoto wako ndani. Mwishowe mwalimu mkuu alimwomba kwa upole asipige kila siku.

Ndipo akaamua kutengeneza kifaa. Mmweko wa radi ya mbali macho hayauoni mchana, lakini kihisi cha mwanga, kile kidogo kama punje ya mtama, kinauona. Tatizo ni kwamba kinatoa umeme kidogo mno, na mmweko wenyewe unapita kabla hujapepesa jicho. Kavata alichukua amplifaya ya redio kuukuu, kipande kinachokuza umeme dhaifu, akaiunganisha. Haikuona kitu. Akaweka rezista kubwa zaidi, kipande kinachoamua kiwango cha kukuza, ili ikuze zaidi, ikawa mbaya kuliko mwanzo: kadiri ilivyokuza ndivyo ilivyozidi kuwa nzito, na ilipoanza kuamka mmweko ulikuwa umeshapita. Akanunua chipu yenye kasi, nayo ikawa inapiga mluzi yenyewe hata akifunika kihisi kwa kitambaa cheusi.

Ilimchukua miezi minne. Mwishowe aligawa kazi: hatua ya kwanza ikuze kidogo lakini haraka, ya pili ikuze kilichobaki. Kapasita moja ndogo sana, kipande cha kuhifadhi umeme, ikanyamazisha ule mluzi. Nyingine ikazuia mwanga wa jua, ambao haubadiliki upesi, ikapitisha mimweko peke yake. Akaongeza kengele, akakiweka kisanduku dirishani.

Kikalia siku hiyo hiyo. Kavata alitoka mbio hadi katikati ya soko akiwaambia akina mama waingie ndani. Waliinua macho. Mbingu ilikuwa safi kabisa.

"Ni mimi," Muindi, fundi wa kuchomelea vyuma, alimwambia baadaye, akionekana kuona haya kwa niaba yake. "Nilikuwa nachomelea geti. Kila nikigusa chuma, kengele yako inalia."

Watu walicheka wiki nzima. Kavata alikivika kihisi kipande cha bomba jeusi, akakielekeza milimani, mbali na karakana ya Muindi. Lakini sasa alikuwa na hofu mbili: ya radi, na ya kukosea tena.

Jumamosi moja ya Novemba kanisa lilikuwa na mkutano uwanjani, chini ya hema la turubai lenye nguzo za chuma. Watu walikuwa kama mia mbili. Kavata alikaa nyuma, kisanduku mapajani. Pasta Kyule alikuwa katikati ya mahubiri kengele ilipolia. Aliizima. Mawingu yalikuwa mbali, na Muindi alikuwa ameketi safu ya tatu, mikono mitupu. Alipoiwasha tena ikalia mara mbili, kisha mara tano. Alijiambia asubiri kidogo, na papo hapo akakumbuka kwamba Mutanu naye alisubiri.

Akatembea hadi mbele.

"Pasta, naomba watu waingie kanisani."

"Dada Kavata, tumalize kwanza neno."

"Nikikosea nitasimama hapa niombe msamaha mbele ya wote. Lakini waingie sasa."

Pasta alimtazama. Yeye ndiye aliyemzika Mutanu. Akageukia kipaza sauti akasema, "Tutamalizia ndani. Akina mama wenye watoto watangulie."

Wengine walinung'unika. Mzee mmoja alikataa kuacha kiti chake, Muindi akambeba pamoja nacho. Ndani ya kanisa walikaa robo saa nzima bila kusikia chochote, na Kavata alitazama sakafu kwa sababu aliona watu wanamwangalia. Kisha upepo ukaja, mvua ikaja, na mlio uliotikisa mabati. Mkaratusi uliosimama kando ya hema ulipasuka toka juu hadi shinani. Spika za uwanjani zikatoa moshi.

Hakuna aliyeumia. Watu walimshika mkono, wengine walilia. Kavata hakuhisi ushindi wowote. Alitoka kwa mlango wa nyuma akatapika.

Kamati ya kanisa iliomba kisanduku kibaki kwao. Alikubali, lakini alirudia mara tatu: "Kikilia, ingieni ndani. Kikinyamaza, bado muangalie mbingu, maana betri inaweza kuisha."

Jumatatu alifungua duka mapema akaanza kuunda cha pili, cha shule ya Mbithi. Ilimbidi achomoe na kuchomea upya rezista ile ile mara kadhaa. Kila wingu lilipopita, aliinua macho kulitazama.