Kupe Mwenye Mgongo wa Shaba

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya ugani wa mifugo huko Kimali, niliamini kwamba binadamu akionyeshwa ukweli kwa ukubwa wa kutosha, atabadilika. Josho la kijiji lilikuwa limejazwa dawa, lakini siku za kuogesha mifugo walikuja mbuzi tu, tena waliopotea njia.

Mpinzani wangu mkuu alikuwa baba mwenye nyumba wangu. Alisema kupe hung'olewa kwa vidole jioni, kama alivyofanya baba yake, na inatosha. Mtamba wake mmoja alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa wa moyo kujaa maji, unaoenezwa na kupe hao hao. Nilihofia maisha ya aliyebaki, mtamba mweupe wa madoadoa, ambaye mzee alimsalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” kila asubuhi kabla ya kunisalimu mimi.

Nikaamua kuwatisha wafugaji. Nilimtoa kupe dume chini ya mkia wa mtamba huyo, nikamweka kwenye hadubini, nikashikiza simu kwenye lenzi. Kisha nikasahau nilichokusudia. Mgongo wake ulikuwa wa shaba na rangi ya chungwa, ukiwa na michirizi myeusi kana kwamba umechorwa kwa wino, na ukingoni kulikuwa na rangi ya kijani. Miguu yake ilivaa pete nyeupe. Nilipiga picha nyingi kuliko nilizopiga kwenye mahafali yangu.

Steshenari ya Bariadi ilinichapishia picha kubwa kama mlango. Dada wa kaunta aliuliza, “Hii bangili inauzwa wapi?” Hapo ningepaswa kushtuka.

Niliibandika kwenye ukuta wa josho. Watu wakajaa.

“Ndugu zangu,” nilianza kwa uzito, “huyu ndiye adui yetu.”

“Adui gani kapendeza hivi?” aliuliza kijana mmoja.

“Dokta,” mama mmoja alinivuta mkono, “ukipata kitenge cha mchoro huu usinisahau.”

Nilieleza homa, nikaeleza vifo. Wao walibishana kama rangi ile ni ya shaba au ya asali. Niliona juhudi yangu yote ikigeuka maonyesho ya urembo, na mtamba wa madoadoa akielekea kaburini.

Baba mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele ya picha, akiikagua kama ng'ombe wa mahari.

“Binti,” alisema hatimaye, “huyu umemtoa wapi?”

“Kwa mtamba wako, baba. Chini ya mkia.”

“Na anakula nini?”

“Damu yake. Hana chakula kingine.”

Akaigeukia picha tena. Uso wake ulibadilika polepole.

“Yaani shaba yote hii,” alisema, “na hizo pete za miguuni, kavaa kwa damu ya ng'ombe wangu?”

“Ndiyo, baba.”

“Na mimi nina kandambili!”

Umati uliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikwenda nyumbani akirusha mikono, akarudi na kundi lake lote, mtamba wa madoadoa akiwa mbele, akasimama ukingoni mwa josho akihimiza kila mmoja atumbukie. Waliokuwa wanamcheka wakaenda kuchukua wa kwao.

Mtamba amekwisha kuzaa. Picha haipo tena joshoni. Mzee aliiomba, na sasa imetundikwa sebuleni juu ya kochi. Mgeni akiisifia, humwambia kwa uchungu ambao bado haujaisha:

“Huyo nilimlea mwenyewe.”