Mlio Ambao Bibi Hakuusikia

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye sherehe ya kumuaga binti, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Katubuka, umeme ukakatika katikati ya muziki. Wote tukatazama taa. Dada aliyekuwa anapiga muziki hakuzitazama. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye amplifaya, mashine inayosukuma sauti kwenye spika, akaizima.

Umeme uliporudi, feni zikaanza kuzunguka lakini spika zilikuwa kimya. Mshereheshaji akamwendea, maiki ameishika kama mwiko.

"Dada, washa basi. Watu wanasubiri."

"Nimewasha miksa. Itulie kwanza, amplifaya iwe ya mwisho."

"Kwani ukiwasha vyote pamoja kuna nini?"

"Spika zinapiga 'pwaa' kama bunduki." Akaelekeza kidevu kwenye kiti cha mbele, alipokaa bibi yake binti, ubavuni kabisa mwa spika. "Yule bibi alikimbia vita Burundi. Kwenye harusi ya kaka yake huyu binti spika zilipiga hivyo, tukamkuta chini ya meza amemkumbatia kitukuu."

Mshereheshaji akaishusha maiki. Dada akawasha amplifaya, akapandisha sauti taratibu, muziki ukaingia kama mgeni anayepiga hodi. Bibi akaanza kupiga makofi, mabega yakicheza.

Katika safu hii ya gazeti nimewasifu wengi kwa kelele zao, na wengine waliniagizia soda. Huyu namsifu kwa mlio ambao haukutokea. Bibi mwenyewe hana habari, kwa hiyo shukrani zake nazifikisha mimi.