Majibu Aliyopewa Bibi

Wifi yangu Indo' Herlin, yaani Mama Herlin, haamini mtu. Mnunuzi wa kahawa akija, humwambia kwanza asogeze mguu mbali na mizani. Wauguzi walipogawa vidonge vya kuongeza damu shuleni, alikigeuzageuza cha binti yake Herlin juani kama anakagua yai, kisha akampa nguruwe. Nguruwe akanenepa. "Si unaona?" akaniambia. "Kuna kitu humo." Neno lake la asubuhi na jioni ni moja: siamini. Kaka yangu, mumewe, yuko migodini Papua, na nina hakika hata simu zake huzipokea kwa neno hilo.

Kwa hiyo binti mmoja kutoka mjini Makassar, Rahmania, alipopanda ngazi yetu na kishikwambi mkononi, akisema anawahoji vijana juu ya afya ya akili, nilijua leo ipo kazi. Wifi alimkaribisha kahawa, lakini akamsaili yeye kwanza. Nani kamtuma? Majibu yatasomwa na nani? Rahmania akaeleza kwa adabu kwamba majina yalichaguliwa na kompyuta.

"Kompyuta imemjulia wapi mwanangu?"

Sikumlaumu sana. Kijana wa jirani yetu aliwahi kujibu maswali ya namna hiyo, akasema ukweli kwamba hapati usingizi. Habari zikavuja, shule nzima ikamwita kichaa, na masomo akayaacha. Wifi akamvuta Herlin nyuma ya ghala la mpunga.

"Kila akikuuliza, sema hapana. Hulii, huogopi, unalala vizuri. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

Rahmania aliomba abaki na Herlin peke yao. Wifi akatoka, akaishia upande wa pili wa ukuta, nami nikamfuata. Umbea ni wetu sote. Tukasikia hapana baada ya hapana. Kisha akaulizwa kama mwaka huu amefiwa na mtu wa karibu. Herlin akasita, kama aliyeshangaa swali lenyewe.

"Hapana."

Hiyo haikuwa ya kufundishwa. Bibi yake, mama yangu mzazi, yuko chumba cha kusini tangu mavuno yaliyopita. Daktari aliandika kwamba amekufa. Sisi, mpaka nyati wa kwanza wa mazishi achinjwe, tunasema anaumwa, na kaka bado anatafuta hao nyati. Mgonjwa hupelekewa kahawa na tambuu, hupewa habari za nyumbani. Halii mtu msiba ambao haujaanza. Rahmania akabonyeza jibu, akatuachia sabuni mbili, akashuka.

"Ameambulia patupu," wifi akacheka.

Jioni Herlin akachukua kikombe cha bibi. Siku hizi alikuwa akiomba hata zamu za wenzake za kuingia kule, na mama yake alishaanza kushuku kuna simu iliyofichwa, au mvulana. Wifi akanyata ili amfumanie. Nikawa nyuma yake.

Herlin alikuwa anazungumza polepole.

"Leo sukari ni kidogo, Bibi, usinung'unike. Kuna dada alikuja na maswali. Aliuliza kama huwa nalia, nikasema hapana. Akauliza kama huwa naona afadhali nisingekuwepo." Akakisogeza kikombe karibu naye. "Nikasema hapana, Mama ndiye aliyenifundisha. Wewe siwezi kukudanganya. Naona hivyo kila siku, Bibi. Tangu uugue."

Nilimwangalia wifi. Dunia nzima ameishuku, lakini ile hapana ya mwanawe aliipokea akicheka, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyemtilia mdomoni. Uso ulimsawijika. Nilidhani atapiga kelele, au atarudi nyuma kimyakimya kama hakusikia. Akasukuma mlango, akaketi mkekani kando ya mama yangu.

Herlin akashtuka, akaanza kupangusa kikombe.

"Niambie na mimi," mama yake akasema.

"Sina kitu, Mama."

"Unalala?"

"Ndiyo."

"Unalia?"

"Hapana."

Alijibu upesi, macho makavu, vilevile alivyofundishwa nyuma ya ghala. Wifi akamnyang'anya kile kikombe, akakiweka chini, akamshika mikono yote miwili.

"Siamini," akasema.

Herlin akamtazama bibi yake, kisha mama yake. Wifi hakuiachia ile mikono. Tulikaa pale watatu, mimi mlangoni, mpaka mtoto akaanza kulia.