Hiari ya Bi Nukta

Chini ya ngazi za mahakama, mahali ambapo wengine wangeweka mafagio na ndoo, palikuwa na meza ya mpiga chapa. Watu walimwita Bi Nukta, kwa kuwa alikuwa radhi kuchana ukurasa mzima kuliko kumkabidhi mteja karatasi iliyokosa nukta moja. Kwa miaka ishirini na miwili aliwaandikia watu hati za viapo: waliopoteza vyeti, waliobadili majina, waliowaachia ndugu zao viwanja. Karibu kila hati ilimalizikia palepale: natoa tamko hili kwa hiari yangu, kwa akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote. Vidole viliyaandika maneno hayo huku mwenyewe akiwaza kama amefunga dirisha la jikoni.

Aliishi na mama yake katika vyumba viwili. Hakuwa ameolewa, wala hakukumbuka siku aliyoamua kutoolewa. Miaka ilisogea kama foleni kwa mtu anayesoma gazeti. Alipoinua macho alikuwa ameshafika dirishani, ana arobaini na sita.

Kisha mdogo wake, seremala, figo zake zote mbili zikafa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, naye daktari akasema mashine itamsogeza tu, haitamfikisha mbali. Ndugu wakapimwa. Kaka mkubwa alikutwa na kisukari. Binamu wawili hawakulingana naye. Aliyelingana ni Bi Nukta peke yake.

Baada ya majibu hayo hakuna aliyemuuliza kitu, na hapo ndipo alipoanza kuchanganyikiwa. Kaka mkubwa, ambaye hakuwahi kumpisha mtu, sasa alimvutia kiti. Shangazi alipiga simu kila asubuhi kumuuliza amelalaje. Wifi yake, mke wa seremala, alikuja akajitosa kwenye vyombo.

"Wifi, acha, nitaosha mwenyewe."

"Wewe pumzika, wifi yangu. Usijichoshe kabla ya siku."

"Siku gani?"

"Makubwa! Eti siku gani!" Wifi akacheka, kisha akageuka haraka kuisugua sufuria iliyokwisha takata.

Mama yake alimwita chumbani. "Mwanangu, hapa hakuna anayekulazimisha. Uamuzi ni wako." Akageukia ukuta akalia polepole, kwa adabu, kama mtu anayechelea kuwaamsha wengine.

Ilipofika Jumanne, Bi Nukta aliketi mbele ya afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mama wa makamo mwenye miwani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba anayetoa kiungo anatoa kwa kupenda. Alifunga mlango, akamsogezea fomu.

Bi Nukta aliisoma kwa mazoea ya kazi. "Hapa pamekosekana mkato," akasema. Mstari uliofuata ulikuwa ule wake, neno kwa neno: bila kushurutishwa na mtu yeyote. Kalamu ikasimama. Akawakumbuka waliotia sahihi chini ya mstari ule mezani pake, yule mjane aliyeletwa na mashemeji watatu, yule kijana aliyekuwa akimtazama baba yake kabla ya kila jibu, akashangaa kwamba hakuwahi kuwauliza.

"Kuna anayekulazimisha?" afisa akauliza.

"Hapana."

"Kukutisha? Kukuahidi kitu?"

"Hapana. Wananioshea vyombo tu."

"Kwa hiyo unataka kutoa?"

"Sijui."

"Waondoe wote hao kichwani. Kama wasingekuwepo, ungetaka nini?"

Bi Nukta alifikiri sana. "Kama wasingekuwepo, basi hata mgonjwa asingekuwepo. Na mimi sijui ningekuwa nani."

Afisa alishusha sauti. "Nisikilize, dada. Ukikataa, hatutawaambia umekataa. Tutasema vipimo vya mwisho vimeonyesha haifai. Hata mama yako hatajua."

Bi Nukta alitegemea kuona mzigo ukishuka, lakini haukushuka. Alijipekua akitafuta hamu yake mwenyewe, safi, isiyo na mkono wa mtu. Akakuta hofu ya kisu. Hofu hiyo alirithishwa na mama, aliyeogopa hata mkasi. Akakuta huruma kwa mdogo wake. Na huruma ile si alifundishwa, tangu siku alipofungiwa mtoto yule mgongoni akiwa na miaka tisa? Akakuta hata hasira ya kwamba kila mara anayetegemewa ni yeye, nayo ni wao waliomtia. Angekataa, angekuwa anawakomoa. Angekubali, angekuwa anawatii.

"Nenda ukapate maji kwanza," afisa akamwambia.

Nje kwenye korido alimkuta seremala kwenye benchi, ametoka mashineni, mkono umefungwa bandeji.

"Dada, uso huo vipi? Umekosea ukurasa mzima?"

"Wamesema nikikataa watakudanganya. Watakwambia vipimo havikufaa. Usingejua maisha yako yote."

Seremala akamtazama. "Sasa mbona umeniambia?"

"Sijui," Bi Nukta akasema.

"Watu wamekupa mlango wa nyuma, wewe umeupigilia misumari!" Akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kikatulia. "Dada, ningekuwa wewe ningekimbia."

"Muongo."

"Haki ya Mungu. Unataka nikwambie usitoe?"

"Ukisema nisitoe, nitatoa kwa sababu umesema."

"Basi nanyamaza."

"Hata kunyamaza kwako kunanisukuma."

"Ala! Basi nihamie benchi lile?" Akainuka kweli, akaenda akijishika ukutani, hatua kwa hatua, mpaka benchi la mwisho, akaketi na kuangalia upande mwingine kama mtoto aliyenuna.

Bi Nukta alirudi ndani. "Nimemwambia," akasema.

Afisa akavua miwani. "Kwa makusudi?"

"Nilishtuka nimeshasema." Akaivuta fomu, akatia sahihi. Sahihi ilitoka safi kama kazi ya mezani pake, na hilo lenyewe lilimtia wasiwasi.

"Nitakuuliza tena asubuhi ya upasuaji," afisa akasema. "Hata mlangoni unaweza kugeuka."

"Niulize. Labda siku hiyo nitakuwa najua."

Alipotoka, seremala alikuwa bado kwenye lile benchi la mwisho. Alimwona dada yake, akainua kidevu kuuliza.

"Nimetia sahihi," Bi Nukta akasema.

Seremala alifunika uso kwa ule mkono wa bandeji. "Kwa hiyo umeamua, dada."

"Nimekwambia nimetia sahihi," akajibu, akimshika kwapani kumwinua. "Hayo ya kuamua usiniulize mimi."