Shaba Iliyomo Ndani ya Injini

Msimamizi wa ukurasa, naomba unifichie jina. Kasulu ni mji mdogo, na wengi mnaosoma hapa niliwafundisha ninyi au wazazi wenu.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na minne, mwalimu mstaafu. Mke wangu alishatangulia. Naishi upande wa Muyama na mjukuu wangu wa miaka ishirini na saba, ambaye ni fundi magari. Jumamosi hii anafungua injini ya gari langu la zamani, na ndani yake kuna kitu nilichokificha tangu kabla hajazaliwa.

Miaka ya tisini, nilipostaafu, nilinunua gari la dizeli kwa wazungu wawili waliokwama Kibondo. Lilikuwa gari la kusafiria na kulala: kitanda, jiko la gesi, sinki, mapazia. Waliliuza kwa bei ndogo, nami sikuuliza kwa nini. Watoto waliliita Nyumba. "Mwalimu kapita na Nyumba!" Nami nilifurahi.

Niwaeleze kidogo. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huyawasha mafuta kwa kukandamiza hewa mpaka iwe ya moto mkali. Kwa hiyo kichwa cha injini, yaani silinda hedi, lazima kibane kabisa, na kinachobana ni gasketi, bamba jembamba linalokaa kati ya hedi na injini. Gari lile lilibeba uzito wa nyumba kwa injini ndogo, na milima yetu mnaijua. Mwaka wa kwanza iliharibika pampu, wa pili nozeli, kisha gasketi ikaungua. Kigoma haikupatikana, Mwanza haikupatikana. Ilibidi iagizwe ng'ambo, na hedi ikasawazishwe kwa mashine. Gharama yake ingemeza pensheni yangu ya miezi minane.

Fundi wangu alikuwa Nestori, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mtu wa mikono safi. Akaniambia, "Mwalimu, moteri hii inataka gasketi yake. Ukiilazimisha itakuaibisha." Nikaingia ndani, nikatoa ukutani bamba la shaba nililopewa na wanafunzi siku ya kuniaga. Jina langu lilikuwa limegongwa juu yake kwa herufi kubwa. Nestori akacheka.

"Unataka nikate jina lako, Mwalimu?"

"Kata."

Akakata, akatoboa matundu, akafunga. "Hii ni ya kwenda sokoni tu," alisema. "Mlima usipande nayo." Mimi nikamwambia mke wangu kwamba nimepata gasketi mpya. Niliona aibu kusema kuwa gari nililojivunia limefungwa kwa pambo la ukutani.

Mwezi uliofuata binti yetu Yasinta alikuja kujifungulia kwetu, uzazi wake wa kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi na ukawa mgumu. Mkunga akasema apelekwe hospitali Kabanga. Kwetu wakati ule mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya miti na kamba, na kila nyumba ilitoa mwanamume wa kubeba. Walipokezana mabega, wakakata njia za mabondeni bila kusimama. Siku hiyo walikuwa wameshafika, hata blanketi wameshalitandika. Nikawazuia.

"Mtambebaje mtoto wa mwalimu mabegani, na Nyumba yenye kitanda ipo?"

Mzee Bukuru, kiongozi wao, akajibu, "Mwalimu, sisi miguu yetu haichemshi." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikawarudisha mashambani.

Kwenye mlima wa pili ulitoka mvuke mweupe, injini ikanyamaza. Nikatuma mtu akawaite wabebaji. Mke wangu alimzalisha Yasinta kwenye kitanda kile, mapazia yamefungwa, mimi nimekaa nje juu ya jiwe. Nilisikia mtoto akilia. Kisha nikamsikia mke wangu akiomba nguo, na nguo nyingine, na nyingine. Ingobyi ilipofika haikwenda Kabanga. Ilimrudisha Yasinta nyumbani.

Baada ya mazishi wakwe wa Yasinta wakauliza kilichotokea. Mke wangu, kwa moyo mweupe, akasema, "Gari lilikuwa na gasketi mpya." Shemeji yangu akadakia, "Basi yule mkimbizi ameiuza, akaweka takataka!" Wote wakanitazama. Nikainamisha kichwa. Sikutamka neno, na kunyamaza kwangu kukatosha.

Vijana wakamfuata Nestori. Wakamvunja vidole vya mkono wa kulia, wakamnyang'anya spana zake. Walipompitisha mbele ya ua wangu aliniita mara moja tu: "Mwalimu, sema." Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Kambi ilipofungwa nadhani alirudi kwao. Sijui kama yu hai.

Mjukuu wangu amekua akijua kwamba mama yake aliuawa na Mrundi mwizi. Nilimsikia akilisema hilo akiwa na miaka sita, nikamwacha aseme. Gari liko nyuma ya nyumba, kuku wanataga kitandani. Wiki iliyopita alikuja anacheka.

"Babu, nalifufua. Nitabeba wajawazito bure. Si nimezaliwa humo? Ile ni wodi yangu."

"Liache, mjukuu wangu. Gharama zake huziwezi."

"Gharama niachie mimi. Jumamosi nafungua silinda hedi. Nataka nione kwa macho yangu huyo mwizi aliweka nini."

Nilitaka niliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, akakataa. Usiku silali. Nestori aliligonga lile bamba likawa bapa, lakini herufi hazikufutika zote. Nilimfundisha mjukuu wangu kusoma mimi mwenyewe, na neno la kwanza alilolijua lilikuwa jina langu.

Wanangu, nipeni maneno ya kuanzia, maana mimi mwalimu nimeyakosa. Nimwambie kabla hajashika spana, ingawa huenda asiniite babu tena? Au nikae kimya kama siku ile, aje alisome mwenyewe?